Je, Wajua? Uwanja Uliobomolewa kwa Sababu ya Mchezo

Je, wajua kuwa mwaka 1977 serikali ya Kenya ilimzindulia mwandishi kitabu mwezi wa Julai, na kabla mwaka haujaisha ikamtia kizuizini? Mwandishi huyo ni Ngũgĩ wa Thiong'o. Riwaya yake, Petals of Blood, ilizinduliwa jijini Nairobi, na mgeni wa heshima alikuwa Mwai Kibaki, waziri wa fedha wa wakati huo. Si riwaya ya kumbembeleza mtu. Inawaanika wanasiasa, mabenki na matajiri wapya waliowamaliza wanyonge baada ya uhuru. Lakini iliandikwa kwa Kiingereza, ina kurasa zaidi ya 300, na wale wanyonge wenyewe wengi wao wasingeisoma. Haikupigwa marufuku.

Miezi mitatu baadaye mwandishi huyohuyo, akishirikiana na Ngũgĩ wa Mirii, alisema mambo yaleyale kwa Kigikuyu, kwa njia ya mchezo, katika uwanja wa kijiji. Mchezo huo uliitwa Ngaahika Ndeenda, ambao wasomaji wa Kiswahili waliupata baadaye kwa jina la Nitaolewa Nikipenda. Leseni yake ilifutwa baada ya wiki sita na siku chache. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba polisi walifika nyumbani kwa Ngũgĩ, Limuru, wakapekua rafu za vitabu na kumchukua. Hakushtakiwa kwa kosa lolote. Amri ya kumzuia ilitiwa sahihi na Daniel arap Moi, aliyekuwa makamu wa rais na waziri wa mambo ya ndani.

Nimezisoma tarehe hizo mara nyingi, na kila mara naona jambo moja. Maneno makali yalikuwa yamekwisha kuchapishwa na kuuzwa madukani. Yaliyobadilika ni lugha, mahali, na watu waliokaa kusikiliza.

Je, wajua kuwa mchezo huo ulianza kwa mwanamke aliyebisha hodi? Ngũgĩ amesimulia kwamba mwaka 1976 mwanamke mmoja wa kijiji cha Kamĩrĩĩthũ alikwenda kwake, akarudi Jumapili baada ya Jumapili, na neno lake lilikuwa moja: tunasikia wewe una elimu na unaandika vitabu, mbona hiyo elimu hukigawii kijiji? Kamĩrĩĩthũ ni kijiji kilichozaliwa kwa nguvu. Wakati wa hali ya hatari, miaka ya 1950, wakoloni waliwahamisha watu kutoka mashamba yao na kuwakusanya vijijini ili wasiwapelekee wapiganaji wa Mau Mau chakula. Baada ya uhuru watu walibaki palepale. Wengi walifanya vibarua katika mashamba ya chai na kahawa, wengine katika kiwanda cha viatu cha Bata kilicho jirani. Kijiji kilikuwa na kituo cha vijana kilichokuwa kikianguka kwa kukosa matunzo.

Kazi ya kwanza katika kituo hicho haikuwa mchezo. Ilikuwa gumbaru, masomo ya watu wazima kujifunza kusoma na kuandika. Wanafunzi 55 walianza katikati ya mwaka 1976, na kufikia Desemba waliweza kusoma na kuandika Kigikuyu. Kisha wakauliza: sasa tusome nini? Hapo ndipo wale Ngũgĩ wawili walipoombwa waandike mchezo.

Rasimu ilipoletwa, wanakijiji hawakuipokea kwa adabu ya wanafunzi. Waliikosoa. Wazee waliwaambia wasomi kwamba mzee hazungumzi hivyo, na kwamba mtu akitoa heshima haanzi na neno hilo. Wafanyakazi wa kiwandani walieleza jinsi mshahara unavyohesabiwa na kazi inavyokwenda, kisha wakadai yaandikwe kama yalivyo. Mwanamke mmoja asiyejua kusoma aliwafundisha waandishi wimbo wa gĩtiiro wa sherehe za harusi, mstari kwa mstari, nao wakaandika kama wanafunzi wake. Ilipohitajika bunduki za kuigizia, alikuwapo mzee ambaye enzi za Mau Mau aliwahi kutengeneza bunduki za kweli. Akatengeneza za bandia. Mkono ni uleule, na namna ya kukata mbao na mabomba ni ileile.

Ukumbi haukuwapo. Vijana walikaa chini wakapanga njiti za kiberiti juu ya udongo: hapa jukwaa, hapa viti vitapanda ngazi kwa ngazi, hapa chumba cha kubadilishia maleba. Walipokubaliana walijenga mfano mdogo, kisha wakajenga uwanja wenyewe, wa wazi, usio na paa, wenye nafasi ya kukaa watu zaidi ya 2,000. Mimi nikifikiria Kamĩrĩĩthũ, kwanza naona njiti hizo. Hakuna mhandisi wala wizara. Ni sanduku la kiberiti na vijana waliochuchumaa.

Mazoezi yalianza Juni 1977, chini ya mwongozaji Kĩmani Gecaũ, na yalifanyika hadharani. Aliyepita njiani alisimama akatazama, na asiyependa alivyoona alisema papo hapo. Kufikia siku ya kufungua, walikuwako watazamaji waliojua maneno ya mchezo mzima kwa moyo. Siku hiyo ilikuwa Jumapili, tarehe 2 Oktoba, miaka 25 tangu mwezi ambao hali ya hatari ilitangazwa. Maonyesho yalikuwa mchana, Jumamosi na Jumapili, ili mfanyakazi aweze kuja na kurudi kwake.

Na mchezo wenyewe ulihusu nini hata ukatisha hivyo? Ukutani mwa nyumba ya Kĩgũũnda, kibarua wa shamba, imetundikwa hati ya kumiliki shamba la ekari moja na nusu. Ndiyo mali yake yote. Tajiri wake, Ahab Kĩoi, anaanza kumzuru na kumhubiria yeye na mkewe Wangeci kwamba wafunge ndoa ya kanisani. Mume na mke wanadhani kijana wa tajiri anataka kumposa binti yao Gathoni. Wanakopa benki ili wapate pesa za harusi, wakiweka hati ile kuwa dhamana. Mwishowe msichana ameharibiwa na kuachwa, na shamba limepigwa mnada. Kule Limuru karibu kila aliyeketi uwanjani alikuwa na hati kama hiyo, au aliwahi kuwa nayo, au baba yake alinyang'anywa. Hapakuwa na haja ya kumfafanulia mtu.

Tarehe 16 Novemba 1977, leseni ilifutwa na mkuu wa wilaya ya Kiambu. Ofisi iliyotoa ruhusa ndiyo iliyoiondoa, na sababu iliyotolewa ilikuwa usalama wa umma.

Je, wajua leseni hiyo ya kuigiza ilitoka wapi? Ilitoka katika sheria ya Kenya ya filamu na michezo ya jukwaani, ya mwaka 1962, iliyotungwa kabla bendera ya uhuru haijapandishwa. Mtu aliyetaka kuonyesha mchezo mbele ya umma alipaswa kwanza kupata leseni kwa afisa wa serikali. Mizizi yake ni ya Uingereza. Huko, mwaka 1737, waziri mkuu Robert Walpole alichoshwa na michezo ya kumkejeli, akapitisha sheria iliyotaka kila mswada mpya upelekwe kwa Lord Chamberlain, afisa mkubwa wa nyumba ya mfalme. Yeye na wasomaji wake walikata walichotaka kwa kalamu ya buluu. Mwaka 1907 ofisi hiyo iliusimamisha kwa wiki kadhaa The Mikado, mchezo wa nyimbo na vichekesho uliokuwa umechezwa kwa zaidi ya miaka 20, kwa sababu mwanamfalme wa Japani alikuwa anakuja kuzuru London. Udhibiti huo ulifutwa mwaka 1968. Kwa hiyo Waingereza walikuwa wameutupa kwa miaka tisa siku ile kalamu ya Kiambu ilipoifuta Ngaahika Ndeenda.

Jambo moja la ajabu ni kwamba udhibiti huo uliacha hazina. Kwa kuwa kila mswada ulilazimika kuwasilishwa, maelfu ya michezo ambayo ingepotea imehifadhiwa hadi leo katika Maktaba ya Uingereza, na baadhi ina alama za mkataji pembeni. Mtafiti akitaka kujua ni neno gani lilimwogopesha afisa wa mwaka fulani, analikuta hapohapo limepigiwa mstari.

Je, wajua kuwa Ukumbi wa Kitaifa wa Kenya, wa michezo ya kuigiza, ulifunguliwa mwaka 1952, mwaka uleule wa hali ya hatari? Uko mkabala na hoteli ya Norfolk, karibu na mahali ambapo mwezi Machi 1922 watu waliokuja kudai Harry Thuku, mwanasiasa aliyepinga ukoloni, aachiliwe walipigwa risasi. Mwaka 1976 michezo miwili iliteuliwa kuiwakilisha Kenya katika tamasha kubwa la sanaa za watu weusi, FESTAC, lililofanyika Lagos mwanzoni mwa 1977. Mmoja ulikuwa The Trial of Dedan Kimathi wa Ngũgĩ na Mĩcere Mũgo, unaomhusu kiongozi huyo wa Mau Mau, na wa pili Betrayal in the City wa Francis Imbuga. Ukumbi huo unaobeba jina la taifa uliipa michezo hiyo siku chache tu mwezi wa Oktoba, kwa sababu nafasi nyingine zilikuwa zimetengewa mchezo wa kuchekesha kuhusu Warumi wa kale na kundi la wachezaji wa baleti kutoka Ufaransa. Mlango wa kuigiza hufungwa kwa njia nyingi, na mojawapo ni kalenda. Hata hivyo mchezo wa Kimathi ulipokwisha watazamaji walinyanyuka, wakachanganyika na waigizaji, na wimbo ukatoka nao hadi barabarani.

Imbuga naye alitumia mbinu yake. Mchezo wake hautokei Kenya, unatokea nchi iitwayo Kafira. Chukua herufi za jina hilo uzipange upya: unapata Afrika. Watunzi wa Kiswahili wameendelea kujenga nchi za namna hiyo. Kithaka wa Mberia ana Butangi katika Kifo Kisimani, Timothy Arege ana Cheneo katika Mstahiki Meya, Pauline Kea ana Sagamoyo katika Kigogo. Michezo yote minne, ukiwamo wa Imbuga, imewahi kuwa vitabu vya kutahiniwa katika shule za sekondari za Kenya. Nafurahi sana nikifikiria kuwa Betrayal in the City, uliotungwa wakati mtu akichagua maneno kwa hofu, ulikuja kujibiwa maswali na watoto wenye sare katika madarasa ya serikali.

Nami nina kumbukumbu ndogo ya kalamu ya mkataji. Nikiwa kidato cha pili tulipeleka mswada wetu wa mchezo kwa wakubwa wa shule. Ulirudi na mstari mmoja umekatwa kwa wino mwekundu, mstari wa bawabu anayeuliza chakula cha wanafunzi kinapotelea wapi. Usiku wa onyesho mwenzetu aliyeigiza bawabu alifika pale, akanyamaza, akatazama hadhira. Shule nzima ilikuwa imeusikia mstari ule mazoezini. Ukumbi ulilipuka kwa makofi, na hakuna aliyekuwa amesema neno.

Je, wajua kuwa mazoezi yenyewe yaliwahi kugeuka maonyesho? Ngũgĩ aliachiliwa Desemba 1978, miezi michache baada ya Mzee Kenyatta, rais wa nchi, kufariki. Kundi la Kamĩrĩĩthũ likajikusanya tena na kuandaa Maitũ Njugĩra, yaani Mama, Niimbie, mchezo wa enzi za ukoloni wa miaka ya 1930, zama za kipande, kitambulisho cha kikoloni kilichoning'inizwa shingoni. Ulikuwa na nyimbo zaidi ya 80, katika lugha mbalimbali za Kenya. Ungefunguliwa Ukumbi wa Kitaifa tarehe 19 Februari 1982. Leseni iliombwa, na jibu halikuja. Waigizaji walifika wakakuta milango imefungwa kwa kufuli na polisi wako nje.

Wakahamia Chuo Kikuu cha Nairobi, ng'ambo ya barabara, wakaendelea na mazoezi katika ukumbi wa chuo. Mazoezi hayahitaji leseni. Habari zikaenea, watu wakaja kwa mabasi kutoka mashambani, wakajaa vitini, kwenye ngazi, madirishani, hadi nje uani. Ngũgĩ alikadiria kwamba kati ya watu 12,000 na 15,000 waliyaona mazoezi hayo kabla kundi halijafungiwa mlango na huko pia. Mchezo huo haukuwahi kuonyeshwa rasmi hata mara moja, na bado umeonwa na watu wengi kuliko michezo mingi yenye leseni.

Halafu ikaja tarehe 12 Machi 1982. Siku moja kabla, usajili wa kituo cha Kamĩrĩĩthũ ulikuwa umefutwa. Malori matatu ya polisi wenye silaha yaliingia kijijini na uwanja ule ukabomolewa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Mswada unaweza kufichwa na mwandishi anaweza kuhama, lakini viti vile vilikuwa vimekatwa na kupigiliwa misumari na watu waliotoka kibaruani jioni. Mahali pale pakaja kuwa chuo cha ufundi. Ngũgĩ alikuwa London mwezi Juni alipopata habari kwamba akirudi atakamatwa, na uhamisho wake ukaanza hapo. Ngũgĩ wa Mirii na Gecaũ walikimbilia Zimbabwe, wakaendelea kufanya michezo na wanavijiji wa huko.

Mwaka huohuo alizuiliwa Alamin Mazrui, mzaliwa wa Mombasa na mhadhiri wa isimu. Alikuwa ametunga Kilio cha Haki, tamthilia ya Kiswahili iliyochapishwa 1981 na inayomhusu Lanina, mwanamke anayeongoza vibarua wa shamba la mkoloni kudai haki zao. Mashairi aliyoyatunga kizuizini yalitoka kwa jina la Chembe cha Moyo. Kwa Ngũgĩ, kizuizini kulimpa riwaya. Aliandika Caitaani Mũtharaba-inĩ gerezani Kamiti juu ya karatasi ya chooni, na amesema karatasi hiyo ilikuwa ngumu ya kumtesa mfungwa, lakini kwa ajili hiyo ilipokea wino vizuri. Msamiati ulipompiga chenga aliwauliza askari jela, nao walimfundisha bila kujua wanasaidia kitabu. Kilipochapishwa mwaka 1980 kilisomwa kwa sauti baani: msomaji mmoja, wasikilizaji wengi, na bilauri ikiwa tupu kusoma kunasimama hadi ijazwe.

Baa hizo zilikuja kuwa kumbi. Wahome Mutahi, mwandishi wa gazetini aliyependwa kwa safu yake ya Whispers, alizunguka na kundi lake akiigiza michezo ya Kigikuyu ndani ya baa, akimkejeli mkubwa aliyeweweseka na madaraka. Kwa wakati huo sheria ilikuwa inalegea: ile ya filamu na michezo ilikuwa miongoni mwa sheria zilizorekebishwa mwaka 1997 katika makubaliano ya vyama kabla ya uchaguzi.

Ng'ambo ya mpaka, huko Uganda, mambo yalikuwa yametisha zaidi miaka ya nyuma. Byron Kawadwa, mkurugenzi wa Ukumbi wa Kitaifa wa Kampala, alikwenda Lagos kwenye FESTAC ileile ya 1977 na mchezo wake wa nyimbo, Oluyimba lwa Wankoko, wimbo wa jogoo. Kundi lilirudi Uganda. Muda mfupi baadaye watu wa Idi Amin walimchukua, na hakurudi akiwa hai.

Je, wajua kuwa Katiba ya Kenya ya 2010 inautaja kwa jina uhuru wa ubunifu wa kisanaa? Uko katika kifungu cha 33. Mwaka 2013 ulijaribiwa na wasichana wa shule ya Butere. Mchezo wao, Shackles of Doom, uliotungwa na Cleophas Malala na kuzungumzia ukabila katika kugawa keki ya taifa, ulizuiwa kufika tamasha la kitaifa la maigizo ya shule. Mwanaharakati Okiya Omtatah alikwenda mahakamani, na Jaji David Majanja akaamuru uchezwe. Ukachezwa.

Miaka 12 baadaye, shule ileile, mtunzi yuleyule, ambaye katikati hapo alikuwa seneta wa Kakamega na katibu mkuu wa chama tawala. Mchezo uliitwa Echoes of War. Ulizuiwa, Mahakama Kuu ikaamuru uruhusiwe, na Aprili 2025 wasichana wakasafiri hadi Nakuru kwa tamasha hilo. Malala alikamatwa akiwa njiani kwenda kuwaona. Asubuhi ya tarehe 10 Aprili kulikuwa na polisi na vitoa machozi nje ya ukumbi, na ndani hapakuwa na hadhira. Wasichana waliingia jukwaani bila mwongozaji wao, wakasimama mstari, wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka.

Mchezo wa Kamĩrĩĩthũ wenyewe ulikuwa umeingia Ukumbi wa Kitaifa mwezi Mei 2022, ukachezwa siku kadhaa kwa Kiingereza na siku kadhaa kwa Kigikuyu, katika jengo lilelile lililowafungia waigizaji kufuli mwaka 1982. Ngũgĩ alifariki Marekani tarehe 28 Mei 2025, wiki saba kasoro siku moja tangu wasichana wa Butere waimbe wimbo wa taifa mbele ya viti vitupu.